Msitu wa mvua Rubeho upande wa Mpwapwa: nipime bayomasi na anuwai ya miti kwa ploti za aina gani?

Kiboriani_Juu (mleta uzi)

Habari za majukumu wakuu. Naomba mwongozo wa wale ambao kupima misitu ndiyo kazi yao.

Kuna msitu wa kijiji kwenye milima ya Rubeho, upande wa wilaya ya Mpwapwa. Chini ni miombo na vichaka vikavu kama vya sehemu nyingi za Dodoma, lakini ukipanda unaingia msitu mbichi wa ukungu: mikulo, mibura, minyasa yenye mizizi iliyosimama ubavuni mwa shina kupita kimo cha mtu. Sehemu hiyo ya juu ni kama hekta 600. Kijiji kinataka kujua mambo mawili kabla ya kuandika mpango wa usimamizi: kuna bayomasi (uzito mkavu wa miti) kiasi gani kwa hekta, na kuna aina ngapi za miti.

Vifaa: tepu za kipenyo, tepu za mita 50, klinomita ya Suunto (ya kupimia pembe), dira na GPS ya mkononi. Bajeti inatosha ploti ndogo kama 40, au ploti kubwa za hekta moja zisizozidi 3. Nimezoea miombo, ambako mti wa sentimita 60 ni mkubwa. Huku juu hali ni tofauti, na nina maswali haya:

Nichague ploti zipi? Mti wenye mizizi ya mbawa unapimwa wapi? Mlinganyo gani wa bayomasi unafaa? Na je, data hizohizo zinaweza kutumika kuhesabu anuwai ya spishi, au ni kazi mbili tofauti?

TakwimuDom

Mkuu, nianze na ploti kwa sababu ukikosea hapo hakuna mlinganyo utakaokuokoa.

Fanya hesabu kabla ya kupanda mlima. Ploti ya mduara yenye nusu kipenyo cha mita 15 ina mita za mraba 707, yaani hekta 0.0707. Ploti 40 zinakupa hekta 2.83. Hekta 3 za ploti kubwa ni karibu eneo lilelile, lakini uhakika wake haulingani hata kidogo. Tuseme mtawanyiko wa bayomasi kati ya ploti ndogo (mkengeuko wastani ukigawanywa kwa wastani) ni asilimia 60. Kwa ploti 40, kosa la wastani kwa uhakika wa asilimia 95 ni karibu 2 × 60 ÷ √40, yaani asilimia 19. Sasa ploti 3 za hekta moja: hata mtawanyiko ukishuka mpaka asilimia 25, thamani ya t (inayochukua nafasi ya ile 2 sampuli zikiwa chache) kwa sampuli 3 ni 4.30, kwa hiyo kosa ni 4.30 × 25 ÷ √3 = asilimia 62. Jasho lilelile, jibu ovyo. Kama lengo ni wastani wa msitu mzima, sambaza ploti nyingi ndogo.

Namna ya kuzisambaza: gridi yenye mwanzo wa nasibu. Hekta 600 kwa ploti 40 ni hekta 15 kwa kila ploti, hivyo umbali kati ya ploti ni karibu mita 387. Chora gridi ofisini, pakia kwenye GPS, nenda mpaka namba inapokupeleka. Ikikuangusha kwenye pengo la mti uliodondoka, pima hapohapo. Ikikuangusha kwenye mianzi, pima hapohapo. Timu nyingi husogeza ploti "kidogo tu" kuelekea penye miti mizuri, na kila mita ya kusogeza inapandisha wastani. Mapengo ni sehemu ya msitu.

Mpangilio wa miduara ndani ya miduara uliotumika kwenye tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, unafaa kama msingi: miti kuanzia sentimita 5 ndani ya mita 5, kuanzia 10 ndani ya mita 10, kuanzia 20 ndani ya mita 15. Vizidishi vya kufikia hekta ni 127.32, 31.83 na 14.15 kwa mfuatano huo. Mti wa sentimita 12 uliosimama mita 11 kutoka katikati haupimwi, hata kama ni spishi adimu inayokutamanisha. Ukianza kuingiza vya ziada, vizidishi havina maana tena.

Lakini kwa msitu wa mvua ningeongeza kitu kimoja: mduara wa nne wa mita 25 kwa miti ya kuanzia sentimita 60. Angalia sababu. Mti wa kipenyo cha sentimita 100, kimo mita 38, densiti ya mbao (uzito kwa ujazo) 0.6, una karibu tani 11.4 juu ya ardhi. Ukiangukia kwenye ploti ya mita 15 unazidishwa kwa 14.15, na mti huo mmoja peke yake unaongeza tani 161 kwa hekta. Ploti ya jirani isiyo na mti wa namna hiyo itaonekana kama nchi nyingine. Mduara wa mita 25 una hekta 0.196, kizidishi 5.09, na mti uleule unachangia tani 58. Miti mikubwa ni michache, haikuchukulii muda mrefu, lakini inatuliza takwimu kuliko kitu kingine chochote unachoweza kufanya.

Mambo mawili yanayoharibu ploti za mduara. La kwanza ni mteremko. Mita 15 ni za usawa, si za kufuata ardhi. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 vuta tepu mita 15.96, nyuzi 30 vuta 17.32, nyuzi 35 vuta 18.31 (gawanya 15 kwa kosaini ya pembe). Marekebisho yanafuata pembe ya kila mstari: ukivuta tepu kukata mteremko, bila kupanda wala kushuka, hakuna cha kuongeza. Ukisahau kwenye nyuzi 30, mduara wako kwenye ramani unakuwa yai lenye eneo pungufu kwa asilimia 13, na bayomasi inapungua kiasi hichohicho huku wewe ukidhani umepima mita 707.

La pili ni miti ya mpakani. Kinachoamua ni katikati ya shina, si gome lililo karibu nawe. Pima mpaka usoni mwa shina kisha ongeza nusu ya kipenyo. Mti wa sentimita 100 ambao uso wake uko mita 14.7 una katikati yake mita 15.2, kwa hiyo uko nje ya mduara huo. Timu zina tabia ya kuuingiza mti mkubwa na kuuacha mdogo unaofanana naye kwa umbali.

Kipenyo130

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Mimi niongezee kupima shina, kwa sababu kwenye milinganyo kipenyo kinapandishwa karibu kwa kipeo cha 2 na kosa dogo linakua.

Kata fito iliyonyooka ya mita 1.3, ichomeke mpaka ipite majani makavu na iguse udongo. Usikadirie kwa kifua chako. Watu hawalingani vimo, na kwenye mteremko kila mmoja anasimama anapojisikia. Tepu izunguke mraba na shina, si sambamba na ardhi kama mti umeinama. Mitambaazi isipimwe pamoja na mti: iinue, pitisha tepu chini yake. Kuvumwani, ile inayofunika gome kwenye msitu wa ukungu, inaweza kuwa nene, kwa hiyo kwangua mstari mwembamba kwa mkono, lakini gome usiliguse.

Mizizi ya mbawa: panda mpaka inapoishia kabisa na shina kuwa duara, ongeza sentimita 50, pima hapo, na andika kimo cha sehemu uliyopimia kwenye safu yake. Kwa mnyasa mkubwa hiyo ni kazi ya ngazi. Beba ngazi nyepesi ya alumini ya vipande, na mtu wa pili aishike muda wote. Kuzungushia tepu kwenye mbawa ni kosa baya: mti wa sentimita 80 ukisomeka 120 unahesabiwa zaidi ya mara 2.2 ya bayomasi yake halisi. Kama ngazi haifiki, simamisha fito iliyowekewa alama za urefu unaojulikana dhidi ya shina kwenye kimo hicho, piga picha kutoka mbali ukiwa usawa wa katikati, soma upana, fanya hivyo pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Andika kwamba ni makadirio.

Penye nundu, kidonda au uvimbe kwenye mita 1.3, shuka sentimita 2 chini ya uvimbe ulipoanzia. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni mashina tofauti, kila moja na namba yake, lakini yapewe herufi moja ya mti mmoja ili wa anuwai wasihesabu watu watatu pale alipo mmoja. Mkuyu uliokaba mti mwingine, pima kinachopimika, uandike "mkabaji", usiuache kimya.

Upande gani wa mteremko? Hapa miongozo inatofautiana. Desturi ya wapima misitu wengi ni upande wa juu; mwongozo wa RAINFOR (mtandao wa watafiti wa misitu ya Amazon) wa ploti za kudumu unatumia upande wa chini. Chagua mmoja, uandike kwenye fomu, na timu zote zifuate. Kuchanganya ndiko kunakoharibu, hasa ukirudi baada ya miaka 5 kutafuta ukuaji wa milimita chache.

Na jambo la fomu: safu iandikwe "KIPENYO sm" au "MZINGO sm", kwa herufi kubwa. Tepu nyingi za kipenyo zina uso wa pili wenye sentimita za kawaida. Mzingo ukiingizwa kama kipenyo, mlinganyo wenye kimo unatoa zaidi ya mara 9 ya ukweli. Kosa hili mara nyingi linaathiri ploti chache tu za mtu mmoja, kwa hiyo halionekani kwenye wastani kirahisi. Chora histogramu ya vipenyo kwa kila mpimaji kila jioni.

Kuhusu kimo. Kwa Suunto yenye kipimo cha asilimia: umbali wa usawa mara tofauti ya masomo mawili, gawanya kwa 100. Umesimama mita 30, kilele +85, shina chini −12: kimo ni 30 × 0.97 = mita 29.1. Kama shina liko juu ya jicho lako, somo la chini ni chanya, na unatoa badala ya kujumlisha. Simama mbali angalau sawa na kimo cha mti; ukipita asilimia 100, kutikisika kidogo kwa mkono ni mita nzima.

Kosa kubwa ni kilele cha uongo. Kwenye msitu mnene unaona tawi la ubavuni ukadhani ni kilele. Tawi lililosogea mita 4 kukuelekea na kuonekana kwenye +85 lipo kweli mita 22.1 juu ya jicho lako, lakini hesabu yako ya umbali wa mita 30 inasema 25.5. Mwombe mwenzako atikise mtambaazi au kijiti chini ya mti, zunguka, tafuta pengo lingine la kuangalia. Ukikosa kabisa, uache mti huo na uchague mwingine. Kimo cha kubuni ni kibaya kuliko kukosa kimo.

Mkipata Vertex (kifaa cha kielektroniki cha kupima kimo) ya kuazima, kumbukeni inatumia mawimbi ya sauti, na mwendo wa sauti hubadilika na joto. Itoe kwenye begi, iache ipoe na hewa ya msituni robo saa, isawazishe kwa mita 10 zilizopimwa kwa tepu. Rudia mchana jua linapopanda. Nyenje wakilia kwa nguvu inaweza kugoma kusoma.

Kiboriani_Juu

Asanteni sana wakuu, hili la mduara wa mita 25 sikuwa nimelifikiria. Kupima kimo cha kila mti kwa ploti 40 hakuwezekani kwa muda tulio nao. Nipime mingapi? Na bado sijapata jibu la mlinganyo. Nina ule wa miombo ambao wengi tunautumia huku.

TakwimuDom

Usipime vimo vyote. Chukua vimo vizuri vya miti kama 50 mpaka 80 kwa msitu mzima, ukilazimisha madaraja yote ya kipenyo yawemo: usiishie na 70 ya sentimita 10 hadi 30 na mitatu mikubwa. Mti wa tano wa kila ploti kwa mzunguko wa dira ni njia nzuri ya kuchagua bila upendeleo, kisha ongeza kila mti wa zaidi ya sentimita 60 unaoonekana kilele. Kwa data hizo unatengeneza uhusiano wa kimo na kipenyo wa msitu wako mwenyewe, na miti iliyobaki inakadiriwa kutoka hapo. Uhusiano wa kuazima kutoka tambarare huzidisha vimo: migongoni kwenye upepo na udongo mwembamba miti ya unene uleule ni mifupi. Kama bonde na mgongo vinatofautiana waziwazi, tengeneza mistari miwili.

Mlinganyo wa miombo usiupandishe mlimani. Ulitokana na miti ya miombo iliyokatwa na kupimwa uzito, na hauna densiti ya mbao ndani yake. Kwenye miombo upungufu huo unavumilika. Kwenye msitu mbichi una Macaranga, mbao nyepesi inayoota haraka kwenye mapengo, pembeni ya mbura wenye mbao nzito, na mlinganyo usio na densiti unawapa uzito mmoja.

Tumia wa Chave na wenzake wa 2014, uliojengwa kwa miti 4,004 kutoka maeneo 58 ya tropiki:

bayomasi ya juu ya ardhi (kilo) = 0.0673 × (ρ × D² × H)^0.976

ρ ni densiti ya mbao kwa gramu kwa sentimita ya ujazo, D sentimita, H mita. Mfano: D 50, H 28, ρ 0.6. Ndani ya mabano unapata 42,000, na jibu ni karibu kilo 2,190. Shina hilohilo likiwa na ρ 0.4 linashuka hadi kilo 1,470. Likiwa na 0.75 linafika 2,720. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mlinganyo wa miombo hauwezi kuiona. Sahihisho la kutoka logi kwenda kilo limeshaingizwa kwenye ile 0.0673, usiliongeze mara ya pili kama baadhi ya majedwali ya Exceli yanavyofanya.

Ipo pia milinganyo ya misitu mibichi iliyotokana na miti iliyokatwa hapa Tanzania, iliyokusanywa pamoja na wataalamu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) Morogoro mwaka 2016. Kokotoa kwa yote miwili na uweke majibu yote kwenye ripoti. Yakipishana, msomaji ajue yamepishana kiasi gani.

Densiti unaitoa kwenye hifadhidata ya dunia ya densiti za mbao. Spishi ikikosekana, chukua wastani wa jenasi, kisha wa familia, mwisho kabisa wastani wa ploti, na uandike ngazi uliyotumia kwa kila mti. Tahadhari na vitabu vya mbao za biashara: vingi vinatoa uzito wa mbao yenye unyevu wa asilimia 12, ambao ni mkubwa kuliko tunaohitaji. Tunahitaji uzito mkavu kabisa kwa ujazo wa mbao mbichi. Zidisha ule wa asilimia 12 kwa 0.828 ndipo uutumie.

Spishi mbili tatu zinazotawala msitu wako ni vizuri uzipime mwenyewe. Keekee ya mkono ya kuchukua sampuli ya shina inatoa kijiti chembamba kutoka gome mpaka moyoni. Kifunge kwenye mrija kisipoteze unyevu. Maabara, weka chombo cha maji juu ya mizani, sifuri, kizamishe kijiti kwa sindano bila kugusa kuta wala kitako: gramu unazosoma ni ujazo kwa sentimita za ujazo. Kausha kwa nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Ujazo 5.20, uzito mkavu gramu 3.12, densiti 0.60. Kijiti kisipofika moyoni densiti inapinda, kwa sababu mbao ya nje na ya ndani hazilingani.

Kwa ukokotozi, kifurushi cha BIOMASS kwenye R (programu ya takwimu) kinasahihisha majina, kinaleta densiti, kinatengeneza mstari wa vimo na kinasukuma makosa yote mpaka mwisho, upate wastani na mipaka yake. Kosa la mti mmoja mmoja kwenye mlinganyo huu ni kubwa, hupungua ukijumlisha miti mingi. Kwa hiyo usimwambie mtu "mti huu una tani 4.2" kana kwamba umeuweka kwenye mizani.

Mizizi na kaboni: mwongozo wa IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) wa 2006 unatoa uwiano wa mizizi 0.27 kwa misitu ya milima ya tropiki, na sehemu ya kaboni 0.47. Tani 300 za juu ya ardhi zinakuwa 381 pamoja na mizizi, tani 179 za kaboni, na ukizidisha kwa 44/12, karibu tani 657 za kaboni dioksidi kwa hekta. Usitumie 0.56 uliyoizoea huku kwetu: hiyo ni ya misitu mikavu yenye chini ya tani 20.

Kipimo cha akili: tathmini ya ploti za misitu ya milimani Afrika iliyotoka 2021 ilipata wastani wa tani 149 za kaboni juu ya ardhi kwa hekta. Ukipata 60 au 400, kabla ya kuandika sentensi yoyote rudi kwenye mzingo na kipenyo, mteremko, na vizidishi.

Mwanaherbari

Kaka Kiboriani, swali lako la mwisho halijajibiwa, na ndilo linaloharibu ripoti nyingi. Data za miduara ndani ya miduara hazifai kuhesabu anuwai zikiwa mbichi. Mti wa sentimita 7 umehesabiwa kwenye mita za mraba 78.5 tu, wa sentimita 25 kwenye 707. Ukiwamwaga wote kwenye Shannon (fahirisi ya anuwai) kama walivyo, spishi za miti midogo ya chini zinaonekana adimu kwa sababu tu uliwatafuta kwenye eneo dogo. Ukizidisha kwa vizidishi, mche mmoja unakuwa mashina 127 na fahirisi inayumba. Kwa anuwai, chagua kipenyo kimoja cha chini na eneo moja.

Pendekezo langu: kwenye kila ploti, ndani ya mita 15 zote, orodhesha spishi za miti yote ya kuanzia sentimita 10, hata ile ambayo kwa bayomasi usingeipima. Kwa ile ya ziada spishi tu inatosha, kipenyo si lazima. Ukichukulia mashina 500 kwa hekta, ni kama mashina 35 kwa ploti na 1,400 kwa ploti zote. Hiyo ni sampuli ya kuheshimika.

Kisha usilinganishe idadi ya spishi kama ilivyo. Chukua mfano wenye spishi 90 kwenye mashina 1,400: alfa ya Fisher (kipimo cha anuwai kinachozingatia idadi ya mashina) ni karibu 21.5. Msitu huohuo, alfa ileile, ukipima mashina 400 tu unategemea spishi 64. Ukiziweka 90 na 64 bega kwa bega utatangaza kwamba msitu mmoja ni tajiri kuliko mwingine, kumbe mmoja alipimwa zaidi. Linganisha kwa idadi sawa ya mashina. Kifurushi cha iNEXT kinafanya hivyo, na kinaonyesha kama mkunjo wa spishi bado unapanda. Kwenye misitu hii mara nyingi bado unapanda, na ripoti iseme hivyo.

Shannon ukiitoa, andika ni logi gani. Spishi 10 zilizolingana ni 2.30 kwa logi asilia na 3.32 kwa logi ya msingi wa 2, na watu wanalinganisha namba hizo bila kujua. Bora ugeuze kuwa idadi ya spishi zenye uzito sawa, yaani e kwa kipeo cha Shannon. 3.2 na 3.4 zinaonekana ndugu. Zikigeuzwa ni 24.5 na 30.

Sasa majina, na hapa ndipo kazi ilipo. Msitu wa Rubeho unakutana na Wagogo, Wahehe na Wakaguru, na wazee wanaijua miti kuliko sisi. Lakini jina moja la kienyeji linaweza kubeba spishi mbili tatu, na spishi moja kuwa na majina matatu. Andika jina la mzee, andika lugha yake, kisha ipe kila aina isiyojulikana namba ya shambani, mfano RUB-017, na sampuli moja ya kulinganishia inayobebwa kwenye kila ploti ili RUB-017 ya leo iwe ileile ya wiki ijayo. Namba zitolewe na mtu mmoja tu. Timu mbili zikijitungia namba zao, utarudi na spishi 140 ambazo ni 85.

Kwa kila namba: tawi lenye majani yaliyokomaa, maua au matunda yakipatikana hata yakiwa yameanguka chini (yaandike kuwa yaliokotwa). Kata gome kidogo ukubwa wa kidole gumba: rangi ya ndani, utomvu mweupe, mwekundu au hakuna, harufu. Mkulo ukiukata unanusa kafuri mara moja. Sugua jani, liangalie kwenye mwanga kama lina vitone vinavyopitisha nuru. Angalia majani yamepangwa mawili mawili au kwa zamu. Mambo hayo hayaonekani kwenye sampuli kavu, na picha ya simu haina harufu.

Kwenye ukungu sampuli huoza ndani ya siku mbili tatu. Weka kwenye magazeti, funga bunda, litie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mimina spiriti ya asilimia 70 mpaka magazeti yalowe, kaza. Zitakaa hadi mteremke, ndipo mzikaushe kwenye presi. Majani yatabadilika kuwa kahawia, si tatizo. Lebo ziandikwe kwa penseli. Kalamu ya wino inayeyuka kwenye spiriti na sampuli inabaki yatima. Nakala mpeleke hifadhi ya mimea ya taifa Arusha, au ya TAFORI (taasisi ya utafiti wa misitu) Lushoto, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pigeni hodi mapema, kutambua mimea kunachukua muda.

Mwisho, visawe. Podocarpus usambarensis na Afrocarpus usambarensis ni mti mmoja. Ukiyaacha majina yote mawili kwenye orodha umejiongezea spishi.

Na kwa heshima, TakwimuDom, bado ningeweka hekta moja ya kudumu juu ya hizo 40, imegawanywa vipande 25 vya mita 20 kwa 20, miti yote kuanzia sentimita 10 ikipewa vibati. Wastani wa msitu huwezi kuupata hapo, nakubali. Lakini huwezi kujua nani anakufa, nani anaota na kwa kasi gani bila kurudi kwenye miti ileile.

TakwimuDom

Dada, kwa ukuaji na vifo sina ubishi. Iwe ya ziada tu, isiingie kwenye wastani wa gridi, na ichaguliwe kwa nasibu. Hekta iliyochaguliwa kwa sababu inapendeza itakuonyesha msitu unaopungua, kwa kuwa umeanza na majitu yaliyo karibu kuanguka.

Kipenyo130

Vibati hivyo: msumari wa alumini, sentimita 30 juu ya sehemu ya kupimia, upigwe ukiinama chini kidogo na uachwe umechomoza ili mti unenepe bila kumeza kibati. Rangi kwenye mstari wa kupimia. Msumari ukipigwa kwenye mita 1.3 penyewe, gome linavimba na kipimo kijacho kinapima uvimbe.

Ramani36S

Nimechelewa, ila kuna mtego wa huku kwetu ambao haujatajwa. Mpaka wa kanda za UTM (mfumo wa namba za mahali kwa mita) ni longitudo 36 mashariki. Dodoma mjini iko kanda ya 36 Kusini, Mpwapwa iko 37 Kusini. GPS iliyowekwa na mtu wa mjini kwa mkono, au faili la gridi lililotengenezwa kwa kanda ya 36, litapeleka ploti zako mbali kabisa na Rubeho. Tengeneza gridi kwa 37 Kusini, WGS84 (msingi wa vipimo unaotumiwa na GPS). Ukiweka juu ya ramani za zamani za topografia, zile ziko kwenye Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo, na bila kubadilisha utapishana karibu mita 300, ambayo kwa gridi ya mita 387 inatosha kukutupa nje ya mpaka wa msitu wa kijiji.

Chini ya miti mikubwa GPS ya mkononi inayumba. Ukifika kwenye alama ya kwanza iliyosema "umefika", weka kigingi, usitembeetembee kutafuta namba iliyo kamili, maana hapo ndipo watu huchagua mahali pazuri bila kujua. Kisha acha GPS juu ya kigingi ichukue wastani dakika 10 wakati wengine wanapima, na hizo ndizo namba za kuandika kama mahali pa ploti.

Kiboriani_Juu

Wakuu, na dada Mwanaherbari, shukrani za dhati. Gridi naanza kuichora upya kwa 37 Kusini. Swali dogo la mwisho: kwenye ploti iliyo ukingoni, nusu ikiwa msitu wa kijiji na nusu shamba la mtu, naiacha?

TakwimuDom

Usiiache, wala usiisogeze ndani. Ukingo una miti yake, na ukiuruka kila mara unapima msitu wa katikati tu. Kama katikati ya ploti iko ndani ya msitu, pima miti iliyo upande wa msitu, pima kwa tepu na dira mahali mpaka unapokata mduara, ukokotoe eneo lililobaki, na utumie kizidishi cha eneo hilo. Ukipata mita za mraba 480 badala ya 707, kizidishi cha mita 15 kinakuwa 20.83. Kila mduara wa ndani ulioguswa na mpaka ukokotolewe peke yake; wa mita 5 mara nyingi utakuwa mzima, wa mita 25 usiusahau. Katikati ikiwa shambani, ploti hiyo si ya msitu huu, iandike hivyo na uendelee na inayofuata.

Na mwenye shamba aambiwe kabla hamjaingia na tepu.